Kabla Hujahamia Garden City

Hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha wazungumzaji wa Kiswahili hapa Wichita, Kansas. Naiweka yote kwa ajili ya wale ambao zamu za kazi ziliwazuia kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, akina mama, kaka na dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama watu wanaotafuta upenyo wa kuondoka: shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.

Nimeombwa niwaeleze habari za mji mmoja. Si Dallas, si Chicago. Ni mji wa watu wapatao 28,000, kusini-magharibi mwa jimbo letu hili, mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa gari. Unatoka hapa, unaelekea magharibi, miti inapungua, nyumba zinapungua, mwisho unabaki wewe, upepo na harufu ya ng'ombe. Hapo ujue unakaribia Garden City.

Kwa nini mji huo? Kwa sababu kila penye watu wetu watatu, mmoja anasema, "Kule kwenye kiwanda cha nyama wanachukua watu." Na wa pili keshauliza nauli. Sawa. Sikuja kumzuia mtu. Kazi yangu ya ukalimani imenipeleka kule mara nyingi, na nimeona watu wetu wanaofika, wanafanya kazi, wanaondoka, na ukiwauliza mji ule ukoje wanakujibu kwa neno moja: baridi. Jamani, mtu anakaa mahali miaka, halafu anachokijua ni baridi? Ombi langu leo ni moja tu. Ukihamia, hamia kweli.

Tuanze na jengo la mahakama.

Garden City ni makao makuu ya kaunti ya Finney. Kansas ina kaunti 105, na kila kaunti ina mji wake mmoja ambako mahakama iko, sherifu yuko, karani wa kaunti yuko, mweka hazina yuko, na hati za mashamba na nyumba zinatunzwa. Kenya mmezoea magavana na makao makuu ya kaunti, mtanielewa upesi. Lakini hapa jambo hili lilikuwa la kufa na kupona. Mnadhani natia chumvi? Sikilizeni kisa cha kaunti ya Garfield.

Msiitafute kwenye ramani, haipo. Ilianzishwa mwaka 1887, kaskazini-mashariki mwa Garden City, na miji miwili midogo ikagombania kuwa makao makuu: Ravanna na Eminence. Ugomvi ulikuwa mkali kiasi kwamba siku ya uchaguzi aliletwa Bat Masterson, yule mbabe wa bunduki aliyewahi kuwa sherifu kule Dodge City, akiwa na watu wake, kulinda masanduku ya kura. Ravanna ikashinda. Eminence wakasema kura zimeibwa, wakaenda mahakamani, na mwisho mahakama ikawapa wao ushindi. Mnadhani Ravanna walikubali? Walikuja na hoja ya ukubwa wa ardhi. Katiba ya Kansas inataka kaunti isipungue maili za mraba 432. Kaunti ikapimwa upya, ikaonekana haifiki. Mwaka 1893 kaunti nzima ikafutwa, ardhi yake ikaunganishwa na Finney. Ndiyo maana hadi leo kaunti ya Finney kwenye ramani ina kipande kimechomoza pembeni, hakifanani na umbo la jirani zake.

Na ile miji miwili? Ravanna leo ni magofu ya mawe kwenye malisho. Eminence hali kadhalika. Walichokuwa wanagombania kikaenda Garden City, na Garden City haikurusha hata jiwe moja.

Sasa jiulizeni: kwa nini watu walikuwa tayari kushikiana bunduki kwa ajili ya ofisi za makarani? Kwa sababu palipo na mahakama, mkulima lazima aje. Akija anakula, ng'ombe wake anauza, mwanasheria anafungua ofisi, mwenye hoteli anajenga. Mwaka uleule wa 1887 Garden City ilijengwa hoteli ya Windsor, ghorofa nne, wakati mji wenyewe haujatimiza hata miaka kumi. Walikuwa na imani, watu wale. Au walikuwa na mikopo. Mara nyingi huwa ni vyote viwili.

Jengo la mahakama lililopo sasa ni la mwishoni mwa miaka ya 1920. Wengi wanaolijua nje ya Kansas wanalijua kwa kesi ya mwaka 1960, ya wale watu wawili waliohukumiwa kwa kuua familia ya watu wanne shambani kwao Holcomb, maili chache magharibi ya mji. Kesi ile imeandikwa na kuandikwa. Wenyeji wamechoka kuulizwa, nawaombeni nanyi msiwaulize.

Mimi ninachotaka mkione ni dirisha. Ukinunua gari, plati zake hazitoki polisi, zinatoka kwa mweka hazina wa kaunti. Unasimama kwenye foleni, mbele yako mzee wa kofia pana anayelipia trela la ng'ombe, nyuma yako binti wa Kiburma na mtoto mgongoni. Unafika dirishani, karani anakutazama usoni. Mara ya tatu anakujua jina. Unataka kuoa? Leseni ya ndoa unaiomba kwa karani wa mahakama, unasubiri siku tatu. Umenunua nyumba, hati inasajiliwa palepale. Umeona nyumba yako imekadiriwa thamani kubwa kuliko inavyostahili na kodi imepanda? Kuna ofisi ya mkadiriaji, na una haki ya kukata rufaa. Wenyeji hukata rufaa kila mwaka bila haya. Na sherifu, karani, mweka hazina, msajili wa hati, wote hao wanachaguliwa kwa kura. Katika mji mkubwa ofisi hizi zimejaa walinzi na mashine za namba. Kule unaongea na mtu. Lakini lazima uende! Lazima uende. Serikali ya kaunti haiji kukutafuta apatimenti.

Nikiwa pale nje ya mahakama nataka mtazame sanamu ya mwanamume mmoja. Anaitwa Charles Jesse Jones, wote humwita Buffalo Jones. Mji ulianzishwa mwaka 1878 na ndugu wawili, William na James Fulton, na jina lake, wenyeji husimulia, lilitokana na mpita njia aliyeiona bustani ya maua ya mke wa Fulton akasema paitwe hivyo. Jones alikuja nyuma kidogo, akawa miongoni mwa waasisi, akauza viwanja, akachimba mifereji ya kumwagilia, akawa meya wa kwanza.

Lakini sifa yake ni nyingine. Ujanani aliua nyati wa Amerika kwa maelfu, wale wenye nundu na manyoya, kama walivyofanya wawindaji wengi wa wakati ule. Januari 1886 ikaja dhoruba ya theluji iliyoua ng'ombe wa nyanda hizi kwa wingi usiosemeka. Jones akaona kwamba nyati hawafi kwa baridi ile. Akashika njia hadi Texas, akaanza kuwakamata ndama wa nyati wachache waliobaki, akawaleta Garden City, akajaribu kuwapandisha na ng'ombe. Biashara ile ilimfilisi. Nyati, lakini, walipona, na leo kusini tu mwa mji kuna hifadhi yenye kundi lao.

Sasa ndugu zangu Wakenya, fungueni masikio. Mwaka 1910, mzee huyuhuyu, ana miaka 66, alipanda meli na farasi wake na vijana wawili wachunga ng'ombe, akashuka Mombasa njia ya Nairobi. Kufanya nini? Kukamata wanyama wa porini kwa kamba ya kitanzi. Twiga. Kifaru. Simba jike. Akiwa juu ya farasi, bila kuua! Na mpigapicha alikuwepo, filamu ikatengenezwa. Kwa hiyo ukikuta mwenyeji wa Garden City anakuuliza Afrika kuna nini, mwambie meya wenu wa kwanza alitutangulia kuuliza.

Naona mnacheka. Basi niongeze la tembo. Mwaka 1922 watu wa mji ule walichimba bwawa la kuogelea, mikono na farasi, kubwa kiasi kwamba kwa miaka mingi walilisifia kuwa la bure kubwa kuliko yote duniani. Hapo jirani kuna bustani ya wanyama ya Lee Richardson, iliyoanza 1927. Msimu wa kuogelea ukiisha, tembo wa bustani walikuwa wanapelekwa bwawani kuoga. Sasa bwawa limejengwa upya, lina mabomba ya kuteleza, na tembo hawaogi tena mle. Wazee wa pale bado hawajasamehe.

Haya. Tuje kwenye nyama, maana najua ndiyo iliyowaleta.

Mji huu haukuanza na nyama. Ulianza na ngano, mifereji na reli. Mwaka 1906 kikajengwa kiwanda cha sukari ya kiazi, na kazi ya kuinama shambani ikafanywa na Wajerumani waliotoka Urusi na Wameksiko. Kumbukeni hilo, kwa sababu kuna watakaowaambia kwamba wageni walianza kuja juzi. Kuna familia za Kimeksiko pale zenye zaidi ya karne moja.

Desemba 1980 kampuni ya IBP ilifungua kiwanda cha nyama ya ng'ombe karibu na Holcomb. Wakati ule kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake duniani. Baadaye kiwanda cha pili kikapanuliwa. Mji wa watu 18,256 mwaka 1980 ukawa wa watu 24,097 mwaka 1990. Wakaja Wavietnamu na Walao waliokimbia vita, wakaja Wameksiko wapya, kisha Waguatemala, Wasalvador, Waburma, Wasomali, Waethiopia. Kila kundi liliingia kwa mlango uleule: kisu.

Hapa ndipo mji ulipofanya jambo ambalo mimi nalisifu. Haukusubiri matatizo yalipuke. Viongozi wa dini, walimu, polisi na wenye gazeti walijua kinachokuja, wakakaa kuzungumza jinsi ya kuwapokea watu. Kulikuwa na uhaba wa nyumba, madarasa yalijaa, wapo waliolalamika, wapo waliohama. Lakini sauti ya juu ilikuwa ya kupokea. Watafiti walikuja mwishoni mwa miaka ya 1980 kusoma mji huu ulivyofanya, na walieleza mema na mabaya: kwamba watu waliishi kwa amani, lakini pia kwamba kazi ilikuwa inawachosha, watu wanaingia na kutoka, na wengi hawakai muda wa kutosha kufahamiana na jirani. Hilo la mwisho linatuhusu sisi.

Nani hapa keshafanya kazi ya nyama? Inua mkono. Eeh. Tazameni mkono wa mama yule, tazameni vile vidole. Yeye hahitaji hotuba yangu. Kwa wasiojua: unasimama kwenye laini, kuna baridi ya makusudi, mkono mmoja kisu, mkono mwingine umevaa glavu ya nyuzi za chuma au umeshika ndoano. Nyama inakuja, unakata mkato mmoja. Inakuja nyingine, mkato uleule. Zamu nzima. Asubuhi unaamka vidole vimekunjika kama bado vimeshika mpini, unavinyoosha kimoja kimoja kwa mkono wa pili kabla hujaweza kufunga kifungo cha shati. Kisu kikiwa butu ndiyo mkono unaumia zaidi, kwa hiyo wa kwanza kumheshimu siku ya kwanza si bosi, ni yule mzee wa pembeni atakayekuonyesha kunoa. Na ukiumia, sema siku hiyohiyo, kwa maandishi. Usijikaze. Usiseme "kesho itapoa". Nimewatafsiria watu wengi waliosema kesho itapoa.

Mji wa kampuni moja una hatari yake. Usiku wa Krismasi mwaka 2000 kile kiwanda cha pili, cha kampuni ya ConAgra, kiliungua. Watu zaidi ya 2,000 hawakuwa na kazi ya kurudia, na kiwanda hakikufunguliwa tena. Agosti 9, 2019 ikawa zamu ya kile cha Holcomb, ambacho sasa ni cha kampuni ya Tyson. Moto ulizuka jioni, habari ikafika hadi soko la ng'ombe la Marekani nzima, maana kiwanda hicho peke yake kilikuwa kinachinja karibu asilimia 6 ya ng'ombe wote wa nchi. Watu wakashika vichwa: yamejirudia. Safari hii kampuni iliendelea kuwalipa wafanyakazi wake, wakasaidia kusafisha na kujenga upya, na Desemba kiwanda kikawaka tena. Moto aina ileile, mji uleule, matokeo tofauti kabisa, na mfanyakazi hakuwa na sauti katika uamuzi wa kwanza wala wa pili. Ndiyo maana nawaambia vijana: chuo cha jamii kipo palepale mjini, tangu 1919. Zamu inaisha, darasa la jioni linaanza. Kisu kiwe mlango, kisiwe nyumba.

Sasa nitasema jambo zito, na akina mama wenye watoto wadogo mtanisamehe.

Oktoba 2016 FBI waliwakamata wanaume watatu wa Kansas. Walikuwa wamepanga kulipua kwa magari yenye mabomu jengo la apatimenti pale Garden City walimokaa Wasomali, ambamo chumba kimoja kilitumika kama msikiti. Walikusudia kufanya hivyo baada ya uchaguzi wa Novemba. Aliyewakwamisha ni mtu aliyekuwa ndani ya kundi lao, akaenda kutoa habari. Mwenyeji. Mtu wa Kansas. Alijua kwamba kuua watu waliolala ni kuua.

Kesi yao ilisikilizwa hapa hapa Wichita, mahakama ya shirikisho, si mbali na ukumbi huu. Aprili 2018 wazee wa baraza, ambao ni raia wa kawaida wa Kansas, waliwatia hatiani wote watatu. Januari 2019 wakafungwa, mmoja miaka 30, wa pili 26, wa tatu 25.

Je, nawatisha msiende? Hapana. Waliobaki pale wananiambia kwamba baada ya siku zile majirani walikuja na maua, na polisi walikuja kukaa nao na kuwaeleza. Je, nawaambia kila mtu kule ni mwema? Hapana pia. Nawaambia kwamba hukumu ile ilitoka kwa raia walioitwa kwa barua wakaitikia. Nyinyi mliokwishaapa uraia, barua hiyo itawafikia, na wengi wenu mnaitupa pamoja na matangazo ya pizza. Msiitupe. Unapomuona mtu wetu kizimbani na kwenye viti vile hakuna hata mmoja anayejua tulikotoka, kumbuka ile barua.

La mwisho ni maji, na hapa wazee wanaotoka Dodoma watanielewa, maana Garden City inapata mvua pungufu kidogo hata ya kwao, kama milimita 500 kwa mwaka.

Mto Arkansas unapita kando ya mji. Nasema unapita, lakini nendeni daraja lile mkachungulie. Sehemu kubwa ya mwaka utaona mchanga, majani, na alama za matairi za vijana waliokwenda kucheza na pikipiki. Maji ya mto yanachukuliwa juu, kwenye jimbo jirani la Colorado, na visima vimeshusha yaliyobaki. Kansas imeishitaki Colorado tangu mwanzo wa karne iliyopita. Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu ya kwanza mwaka 1907, wakaja kusaini mkataba, wakarudi tena mahakamani mwaka 1985, na mwaka 2005 Colorado ikalipa zaidi ya dola milioni 34. Fedha zilikuja. Maji, mnaona wenyewe.

Basi mahindi yanayolisha ng'ombe wanaolisha kiwanda yanamwagiliwaje? Kwa maji ya chini ya ardhi, hifadhi iitwayo Ogallala, iliyotanda chini ya majimbo manane. Ukipita na ndege utaona yale mashamba ya duara, kijani tupu, bomba refu linazunguka katikati. Ni mtungi unaochotwa kwa ndoo na kujazwa kwa kijiko. Wakulima wanalijua hilo kuliko mimi. Wengine wamepunguza kumwagilia, wengine wamerudi kwenye mtama unaostahimili ukame, wengine wanasema hadi mjukuu wangu, basi. Anayenunua nyumba kule kwa mkopo wa miaka thelathini na aulize kuhusu kina cha visima kabla hajauliza rangi ya jiko. Mikutano ya makamishna wa kaunti iko wazi kwa kila mtu, na mambo haya husemwa pale, kwa sauti, na watu wa kofia pana. Kaa kiti cha nyuma. Sikiliza. Mkutano wa pili utajua nani ni nani.

Nimemaliza yangu. Kuna chai na mandazi pale mezani, na fomu za kujiandikisha kupiga kura kwa wenye uraia ziko kwa dada aliyevaa kitenge cha njano. Sasa maswali. Mzee wangu pale nyuma, mkono wako uko juu tangu nilipotaja kiwanda, na najua unataka kuuliza wanalipa dola ngapi kwa saa. Karibu, simama watu wakuone.